Mshika Tochi

Reijo aliileta kwa sleji, imefunikwa turubai:
Husqvarna ya mwaka themanini na moja,
pikipiki ya mbio za matopeni iliyokwisha kuyasahau matope,
kabureta limekuwa kiota cha panya,
spoki saba hazipo.
Bei yake msumeno wa injini na gunia la viazi.
Shangazi Tuovi akatoa msumeno, viazi akavikatalia.
"Hiki ni chuma cha mazishi," akasema.
"Viazi bado vina uhai."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Kazi yangu ilikuwa kushika tochi.

Nje, Kuhmo nzima ilikuwa imeganda.
Jua lilichungulia adhuhuri kama mdai aliyekosea mlango,
likaenda zake bila kubisha.
Ndani, jiko la kuni lilikoroma,
na petroli ikalala kwenye sweta zetu
mpaka shuleni wakaniita Kidumu.

Mulika hapa. Si hapo, hapa.
Mulika chuma, usinimulike mimi.
Kiwanda cha karatasi kilimwachisha kazi mwezi wa kumi,
fundi wa kulehemu, miaka ishirini na miwili,
na uso wake siku zile haukutaka mwanga.

Akaikata fremu nyuma ya injini.
Nilishtuka: kitu kizima, kukatwa hivi!
Cheche ziliruka zikafia kwenye theluji ya kizingiti,
chwi, chwi.
Akaishusha mgongo, maana goti lake la kushoto
halikunji tena kupita robo.
Mkia akauunda kwa bomba la kitanda cha bibi.
Tangi lilitoka kwa tarishi mstaafu, njano,
bado lina alama ya pembe ya posta.
Pistoni ikaja kwa kifurushi kutoka Uswidi,
inang'aa kama kikombe kisichowahi kunywewa,
na usiku ule alikula chakula cha jioni nayo mezani.

Kisha shingo ya fremu.
"Naitaka laini kama yai."
Akasaga kutu, akasaga nundu, akasaga tu,
nami nikamulika.
Niliziona tarakimu, zimejipanga kama sisimizi.
Niliziona zikififia.
Sikusema kitu. Mshika tochi hasemi.

Mwezi wa tatu, kwenye ukumbi wa ukaguzi,
Bwana Hyvärinen alipiga magoti na kurunzi yake mwenyewe,
akaipapasa shingo ile mara mbili, tatu,
akainuka na sura ya tabibu aliyeishiwa dawa.
"Kulehemu huku sijapata kukuona," alisema.
"Ila isiyo na namba haikuzaliwa."
Basi. Hakuna kibati, hakuna barabara.

Ndani ya gari la Reijo nikasema: Shangazi, niliziona.
Alikaa kimya kilomita sita hivi.
"Hata mimi niliziona," akasema.
"Mkono ukishanoga haujui kusoma."

Wiki ile tukapenyeza skrubu kwenye matairi,
mia tatu kila moja, ncha nje,
vidole vyangu vikachubuka hadi kushindwa kalamu.
Ziwa halina karani.
Usiku wa Jumamosi tukaisukuma hadi kwenye barafu.
Kiki ya kwanza, kikohozi.
Ya nne, moshi wa buluu.
Ya saba ikaitika, na mbwa wa ng'ambo wote wakaitika nayo.

Akaondoka,
lile goti bovu limetulia mahali lilipopimiwa,
skrubu zikitafuna barafu,
taa yake ya mbele, ya baiskeli, ikipungua,
ikipungua, mpaka ikabaki sauti peke yake.
Nikasimama ukingoni na tochi juu ya kichwa
ajue nchi kavu inaanzia wapi.

Alirudi akiwa na umande ulioganda kwenye nyusi.
Nikamulika uso wake.
Akaniacha nimulike.