Kibao cha Ilesi

Khadambi aliniita Ilesi nimwandikie kibao.
Bati la futi nne kwa mbili, brashi zangu, rangi yake,
na bei tuliyopatana kwa simu:
mia tano taslimu, salio kwa sahani.

Hoteli ina viti kumi na viwili,
vitatu vya kuazima kanisani.
Ukutani hakuna kalenda. Kuna picha ya fahali
aitwaye Mkopo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kummaliza.
Kila akishinda, isukuti hupita mlangoni
na wapigaji hunywa uji wa bure.
Hajashindwa bado. Uji umemtia Khadambi hasara.

“Andika kuna jiwe,” akasema.
Jiwe lenyewe tunaliona toka jikoni,
kichwa kikubwa juu ya shingo ya mwamba,
na ule mfereji wa machozi kifuani.
“Andika: JIWE LINALIA.”
Tukageuka kulitazama.
Februari. Limekauka kama kisigino.

Akafikiri, mwiko mkononi, mrenda ukivutika uzi.
“Basi weka HULIA.
Hulia haina tarehe.”

Shimenga, muuza vyungu wa ng’ambo ya barabara,
akavuka kuja kutoa ushauri ambao hakuombwa.
Yeye ndiye huulizwa na wageni kwa nini jiwe hulia.
Wa Nairobi huwaambia lilikuwa msichana.
Wanafunzi huwaambia ni maji ya mvua, someni.
Mchungaji alipouliza, alisema hajui.
“Na chakula?” akasema. “Na njia? Mtu atafikaje?”

Nikapima bati. Herufi ya kuonwa na dereva wa lori
ni ya shubiri mbili,
na za shubiri mbili zinaingia tano tu.

Nikaandika KULIA.

Jiwe la kulia, mahali pa kulia,
upande wa kulia ukitoka Kakamega:
neno moja likafanya kazi ya vibarua watatu
kwa ujira wa mmoja.
“Na wanaotoka Kisumu?” Shimenga akauliza. “Kwao ni kushoto.”
“Wa Kisumu,” Khadambi akasema, “wana samaki wao.”

Rangi haijakauka, gari likasimama.
Mwanamume mmoja, mwanamke mmoja,
viatu vyote vinne vina udongo mwekundu.
“Tumeona kibao,” mwanamke akasema. “Tumekuja kulia.”
Khadambi akamtazama usoni kwanza,
kisha viatu,
akavuta kile kiti cha kanisa kisichoyumba.
Hakuuliza ni kulia kupi.

Ugali wa wimbi, mweusi, unafuka.
Saga iliyolala chunguni siku mbili na maziwa.
Kuku aliyekuwa akitembea asubuhi ile,
nami nilikuwa nimemkimbiza kwenye ngazi yangu.
Mwanamke alikula na machozi yakishuka,
hakupangusa kimoja ili kuwahi kingine.
Mwanamume alikuwa anatafuta kitu kwenye bakuli.

Firigisi ilikuwa sahani ya dada yake.

“Mama,” akasema, kwa adabu, “hii si huwa ya mwenye nyumba?”
“Ndiyo,” Khadambi akasema.
“Nyumba ni yangu. Nimempa.”

Yule dada akaitafuna polepole, muda mrefu,
kama mtu anayesoma barua.
Akaacha kutafuna. Akacheka mara moja, puani.
“Baba alikuwa anatuambia ni chungu,” akasema.

Mimi nililipwa salio langu: shingo, mabawa,
na ukoko wa ugali ambao sikuuomba ila niliutazama sana.
Nilipotoka nje kuchukua ngazi
nikaona nimeharibu kazi. Rangi nilizidisha maji.
Herufi ya mwisho inachuruzika,
michirizi miwili, mpaka ukingo wa bati, mpaka majani.
Nikatoa kitambaa.

“Acha,” Khadambi akasema mlangoni.
Akalitazama jiwe kavu kule juu, akakitazama kibao.
“Kishike zamu mpaka Machi.”