Kidari

Upendo naandika kwa penseli,
deni kwa wino.
Ndivyo ninavyozitunza nyumba saba za Nchi ya Mawingu
ndani ya kaunta buku lililochanika jalada,
kila Ijumaa, nyuma ya cherehani ya Ndeonasia,
Kiboriloni, soko likishafungwa.

Chumvi wameoana na Shoka.
Shoka wanawadai Kunguru daraja moja na posa mbili.
Kunguru wanamlea kisirisiri mtoto wa Bwana Theluji,
hapana, huyo alikufa mwezi wa nne,
Kundaeli alirusha dadu ikalalia moja.
Nafuta. Karatasi inatoboka
pale pale alipokuwa.

"Bibi Ozana ni nani kwa Kunguru?"
anauliza Aikaruwa, bado yumo ndani ya sare ya benki.
Nafunua. Nafunua tena.
Shangazi? Mkwe? Mateka?

Tulishajaribu nyuzi: nyekundu ya kisasi,
nyeupe ya ndoa, kijani ya siri,
pini ukutani, jina hadi jina,
mpaka mteja aliyefuata gauni la kipaimara
akasimama mlangoni, akashusha sauti:
poleni, msiba ni wa nani?

Babu hakuwa na daftari.
Alikuwa na kisu.
Kibosho, Desemba, mbuzi juu ya majani ya mgomba,
na ukoo mzima ukisomeka mkononi mwake:
kidari hapa, mgongo kule,
shingo kwa aliyechelewa makusudi.
Baba mdogo Felisiani alipokea utumbo miaka mitatu
kwa neno alilolitema kwenye mpaka wa kihamba.
Akaja na jani la isale, asubuhi, viatu mkononi.
Mwaka ule akapewa ubavu.
Hakuna aliyesema kitu. Tulikula.

Nikafunga buku.
"Karamu ya mfalme," nikawaambia. "Mnyama mmoja, nyumba saba.
Kisu mnacho ninyi."

"Kidari kwa Shoka."
"Ukiwapa Shoka, Chumvi wanaondoka na jeshi lao."
"Wape Chumvi, basi."
"Mbele ya Kunguru? Wewe umesahau lile daraja?"
Umeme ukakatika, wakaendelea kwa tochi ya simu,
wakipimana, wakinyang'anyana figo,
wakikumbuka matusi ambayo hata mimi sikuyaandika.
Saa nne usiku walikuwa wamegawa hadi kwato.

Kisha Aikaruwa akahesabu vidole.
"Bibi Ozana hajapata."
Tukatazamana. Sinia tupu.
Kila mmoja alikuwa na hakika
mwenzake amemwekea.

Ndeonasia hachezi. Hajawahi kushika dadu,
hutupa chumba kwa bei ya chai.
Alikuwa anapinda gauni lile la kipaimara gizani,
kwa kidole, hakuinua kichwa:

"Asiye na fungu
ndiye mwenye mbuzi."

Penseli nikaipachika sikioni.
Nikaomba kalamu.