Daftari la Mvua

Kibali kinasema wazi: bomba la Pont Berwen
lifunguke siku ya mvua kubwa tu,
mitaro ikizidiwa, mji ukikaribia
kurudishiwa vyoo vyake sebuleni.
Siku nyingine zote, lifumbe mdomo.

Mimi ndiye niliyetumwa kuchungulia huo mdomo.
Nina glavu, chupa sita, kasha la barafu,
na gari la serikali lenye dirisha lisilofunga.
Wilaya tatu, mito kumi na minne, mkaguzi mmoja.
Zamani tulikuwa watano.
Bajeti ilitukata kama mtu akatavyo kucha:
hapakutoka damu, hakuna aliyelia.

Basi kampuni hujipima yenyewe.
Kila robo mwaka hutuletea karatasi safi, yenye mhuri:
Machi tatu, mvua kubwa.
Machi nne, mvua kubwa.
Machi kumi na moja hadi kumi na tisa, mvua kubwa.
Na nani atabisha? Hapa ni Welisi,
mvua huingia bila hodi na kuaga haiagi.
Niligonga muhuri wangu juu ya muhuri wao
nikaenda kula.

Nesta Prydderch aliendesha lori la maziwa
miaka thelathini na mmoja. Sasa ana bustani ya liki,
na katikati ya liki, faneli ya shaba juu ya chupa.
Saa tatu asubuhi, kila siku ya Mungu,
huinama, husoma, huandika.
Alinifungulia daftari mezani, akasogeza siagi.

Machi 11. Sifuri.
Machi 12. Sifuri. Nimefua mashuka.
Machi 13. Sifuri. Yamekauka kabla ya chai.
Machi 14. Sifuri. Gwilym karudishwa hospitali.
Machi 15. Sifuri.
Machi 16. Sifuri. Mto unanuka.

Nilishuka mtoni na mkate wake bado mdomoni.
Mawe yamevaa manyoya ya kijivu.
Kwenye mizizi ya ukingo, vitambaa vya chooni
vimeanikwa kama nguo za watu wasioona haya.
Niligeuza jiwe ambalo chini yake, mwaka juzi,
nilihesabu viluwiluwi arobaini vya nzi wa mtoni.
Viwili. Na minyoo myekundu, imenona,
inacheza.

Kikaoni wakili wao alikuwa na sauti ya asali:
daftari la bibi si chombo kilichoidhinishwa.
Bosi wangu Idwal alitazama dari, akasema
tutaandika onyo, pengine na faini.
Hiyo faini niliipigia hesabu nyuma ya bahasha:
ni faida yao tangu kifungua kinywa
hadi chai ya saa nne.

Nilirudi kumwomba daftari.
“Piga picha,” akasema. “Lenyewe halitoki,
kesho saa tatu nina kazi nalo.”
Akanikagua, beji hadi viatu,
kama aliyekuwa akipima maziwa yaliyoanza kuchacha.
“Na wewe serikali, la kwako liko wapi?”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na vifungu vya sheria,
mchoro wa ngazi za madaraka, upungufu wa watumishi.
Jibu likanikwama kooni,
likashuka nililo nalo: nitarudi usiku.

Sasa ni saa nane, Mei. Dirisha la gari linapiga mluzi.
Sikumwambia Idwal.
Bomba linasikika kabla halijaonekana,
linakohoa, linamwaga, linakohoa.
Nimepiga magoti matopeni, chupa mkononi,
maji yameingia ndani ya glavu, ya uvuguvugu,
uvuguvugu ambao mto wa mlimani haupaswi kuujua.

Lebo ina visanduku vya kujaza.
Mahali. Saa. Jina la aliyechota.
Hali ya hewa:
nainua uso kutazama, ili nisiandike kwa mazoea.

Nyota, naandika.
Kisanduku ni kidogo, lakini zinaenea.