Mkono wa Kulia

Kitenzi hiki ni kifupi kiasi cha kutia huruma.
Mzizi wake ni herufi mbili tu: la.
Ndiyo maana hakitembei peke yake,
hushika ku yake kama mtoto anayevuka barabara
pale Majengo, malori ya kokoto yakishuka:
anakula, watakula, tulikuwa tukila
(hapo kaiachilia, na sijui nani alimruhusu).
Akikana ndipo huwa peke yake kabisa.
Sili. Huli. Hali.

Leo niliwaomba Gredi ya Sita sentensi moja moja.
Muhonja: Kutu imekula bati la jikoni.
Kisanya: Babu amekula chumvi hadi meno yakaisha.
Ambani, bingwa wa vizibo nyuma ya kinyozi:
Nilimla kete nne akalia.
Na Lihanda, asiyesema, sweta imeliwa viwikoni:
Karani alikula pesa zetu za majani chai.
Baba bado anachuma.

Kalamu nyekundu ilikaa juu ya sentensi ile
mpaka wino ukafanya doa.
Sarufi haina kosa.
Nikatia vyema.

Nyumbani, mama.
Tangu Machi mkono wake umelala juu ya blanketi
kama mwavuli wa mgeni aliyekwisha kwenda.
Muuguzi akipiga simu kuuliza hali,
namjibu: hali.
Ananyamaza, anadhani laini imekatika.

Wa kushoto mzima, lakini Kageha binti Ndeda
hawezi kuutia huo kwenye sahani.
"Huo ni wa kujifuta," anasema, mdomo ukienda upande.
"Wa kulia ni huu."
Anautazama ulipolala.

Miaka kumi na tisa nimefundisha kulia na kushoto
kama mishale ya barabarani, pinda huku, pinda kule,
wala sikusikia kilichokuwa kikitafunwa ndani:
mkono wa kulia. Wa kulia ugali.
Yeye hakuenda shule, alilijua.
Kwao husema kulya, ulimi ukiteleza kidogo tu,
na mtu asiye makini hudhani
wanaitana kuja kutoa machozi.

Basi namega kwa wangu.
Nafinyanga tonge, nalitoboa kwa dole gumba,
nachota mrenda, unavutika uzi mrefu
toka bakuli hadi kidevuni mwake.
Leo anafungua kinywa. Anafunga.
Anafunga na kidole changu humo.

"Mama! Umenila!"

Anatafuna kwanza. Hana haraka.
Anameza. Kisha, kwa lugha aliyookota kwa wajukuu,
nusu ya uso ikicheka,
nusu ikingoja kuambiwa kuna nini:
"Imekula kwako."

Kidole kina alama za meno matatu.
Nimekalia madaftari ya watoto.
Namega tena.