Vizibo vya Chumba Namba Saba

Kwenye kisahani kando ya kitanda
hoteli huwawekea wageni vizibo viwili vya masikio,
laini kama nyama ya boflo, rangi ya papai,
na kikaratasi: Alfajiri hapa ina sauti. Tuwieni radhi.

Mimi ndiye nitandikaye.
Ndiye niviokotaye vikishatumika,
kimoja chini ya mto, kimoja uvunguni,
vimeganda nta ya watu wa mbali.
Juzi mgeni wa namba saba aliondoka bila kuvigusa.
Nikavitia mfukoni. Wizi? Sijui.
Tuseme nimeazima.

Kwetu Jang'ombe nyumba zimepeana migongo.
Ukuta wangu ndio ukuta wa Makame.
Saa nne usiku anagonga rimu ya baskeli,
saa tano maskani wanaigombania penalti ya juzi,
saa sita paka wanadaiana talaka juu ya bati,
saa saba mita ya tukuza: ti, ti, ti,
kama mtu anayekudai kwa adabu.
Na saa kumi kasorobo simu yangu,
jogoo wa mtambo niliyemchagua mwenyewe
na ninayemchukia kuliko mavyaa,
ananinyanyua nikawatandikie waliolala.

Basi nikafanya kama mtu aliyechorwa kwenye paketi:
finya, ingiza, ngoja.
Mtaa ukaanza kupwa.
Makame hana nyundo. Paka hawana ndoa.

Nikabaki na mwili wangu.
Kumbe nao una makelele yake:
moyo unatwanga, mate yanapita
kama mtu ashukaye ngazi gizani,
meno yanasaga hesabu ya ada ya skuli,
na nyuma ya yote mvumo mwembamba
ambao labda nimezaliwa nao.

Nikalala. Wallahi, nikalala usingizi wa pono.

Kilichoniamsha hakikuwa sauti. Joto.
Jasho shingoni, feni imesimama.
Siku zote feni ikisita mtaa mzima huzinduka,
ukimya ule hutugutusha kuliko king'ora;
utasikia nyumba hadi nyumba: "Umekwenda!"
Nami hujibu, "Umekwenda,"
ndipo nikageukia upande wa pili.
Usiku ule waliitana bila mimi.

Nikachomoa kimoja.
Na hapo hapo, ubavuni pangu, Ilham:
kifua kinapiga mluzi ule ule wa pumu,
mkono umeikamata kanga yangu
ukamataji wa mtu aliyekwisha kuita.
"Nimekuita, mama."
"Mara ngapi?"
Akanionesha vidole. Vitatu.
Akafikiri. Akaongeza kimoja.

Nikamkalisha. Nikapapasa pampu, juu ya kabati haipo,
ndani ya mkoba haipo,
ipo mkononi mwake, kaishika muda wote,
anangoja mtu wa kumhesabia.
Moja, vuta. Mbili, zuia. Haya, achia.
Mluzi ukapungua, ukawa pumzi tu.

Ukuta ukagongwa. "Kulikoni huko?"
"Salama, Makame. Kifua."
"Haya. Mie niko macho."

Sikujua nimjibu nini.
Miezi yote hii namsonya kwa nyundo yake.

Asubuhi nikavirudisha, nimevifuta kwa spiriti,
kisha nikaona haya, nikavitupa,
nikaweka vipya kwenye kisahani cha namba saba.
Nikausoma tena ule mstari, Tuwieni radhi,
nikakigeuza kikaratasi kifudifudi.

Usiku nikalala bila, Ilham kwenye mkono wa kushoto.
Saa nne nyundo ikaanza.
Nikaihesabu: moja, mbili,
tatu, akapumzika, akatafuta spana labda,
nne,
sikumbuki kama nilifika saba.