Mizani Sita

Daktari Geddes alilitamka mara moja, upesi,
kama mtu anayepita na ndoo iliyojaa.
Baba akanigeukia: Kasemaje?

Nikalikata vipande kama muwa.
I. Di. O. Pa. Thik.
Ile "th" ni ya thelathini, Baba,
ulimi uchungulie kidogo kati ya meno.
Mkazo uangukie "pa".
Na usilitilie irabu mwishoni, wao huliacha hivyo hivyo.
"Mlango wazi na baridi hii?" akasema,
akaufunga: idiopathiki.
Mizani sita.

Na maana yake?
Nilitazamia jina la mdudu, au la ukoo wa wadudu.
Daktari akavua miwani.
Maana yake, sababu haijulikani.

Baba alicheka mpaka kikohozi kikamkamata,
nami nikamshikia kikombe cha maji.
"Neno refu lote hilo! Marehemu mama yako
alikuwa akisema *sijui* kwa mizani tatu
na bado anakoroga uji."

Kwenye kioo, picha ya mapafu yake:
vitundu vitundu, sega lililokwisha asali.
Nje, mto Tay, na kitu kinachodondoka
ambacho si mvua wala si theluji.

"Basi mwambie," akasema, polepole sasa.
"Miaka kumi na tisa chumba cha brashi, Ngomeni.
Singa zinapita, vumbi linabaki.
Jioni tunatema uzi.
Marobota tuliyapiga chapa kwa wino mweusi,
D, U, N, D, E, E,
nasi tukisoma *Dundee* kama ilivyoandikwa,
tukadhani ni jina la tajiri."

Nilimtafsiria yote, na yule tajiri pia.
Kalamu ya daktari ikasimama.
Akauliza, miaka mingapi? Akaandika.
Akauliza jina la ukoo, herufi kwa herufi,
akalijaribu: Shekijenda.
"*Ge*," Baba akamrekebisha, "ya gunia."
Lile neno lake hakulifuta.
Aliandika chini yake, kwa herufi ndogo,
akapigia mstari.

Kituo cha basi kiko juu ya mlima.
Baba alipanda akijifunza,
mkono mmoja ukipapasa ukuta wa mawe:
i, di, o, pa

akaegemea. Basi letu likapita.
Mwanamke mwenye mbwa akatusalimu.
Nilitaka kummalizia, nikajizuia.

thi,
ki.