Safu ya Kumi na Saba

Aprili. Mto Winooski bado una barafu mabegani,
nami nimepiga magoti kwenye tope la Darlene Gagnier.
Hatua arubaini za shamba lake zilikwenda na mafuriko:
mahindi, seng'enge, hata trela la mbolea.
Bima ililipa trela.
Ardhi hakuna aliyeijua bei yake.

Kando yangu ndoo, vijiti mia mbili vya mierebi
vimeegemeana majini kama havina habari.
Kila kimoja mkono mmoja na shibiri,
macho yaelekee juu. Ukikichomeka kichwa chini
kinakufa polepole, kwa adabu.

Hollis, bosi wa kitalu, huvigongelea wima kama misumari.
Mimi mwaka jana nilivilaza upande,
kama pingili za muhogo,
mkono ulivyozoea tangu Uvira, bila kukiuliza kichwa.
Alicheka: unapanda chakula?
Sikuwa na Kiingereza cha kumjibu. Nikaendelea.

Machi barafu ikakatika, ikateremka kwa kishindo
ikinyoa kingo. Vilivyosimama, ikaving'oa.
Vilivyolala, ikavipanda mgongoni, ikapita.
Hollis akaja na daftari, akahesabu,
akarudi mwanzo akahesabu tena,
akafunga utepe wa buluu: safu ya kumi na saba,
mbegu ya kitalu kizima tangu leo.
Hakusema samahani.
Alinipa kisu chake, nichague mimi vya kukata.

Kisha biva, yule mnyama mwenye mkia kama mwiko,
akaja usiku akala thelathini na kimoja.
Darlene akataja bunduki.
Nikamwambia, kwa vidole zaidi ya maneno, ngoja:
kisamvu nasi tunachuma,
na kadiri tunavyochuma ndivyo kinavyotukomoa.
Mei, kila kisiki kilitoa vitatu.
Chini ya kivuli chake, chembamba kama uzi,
samaki wawili wa madoa, wapenda baridi,
wamesimama wakipumua.

Udongo upatilize ungali maji, walisema wafinyanzi.
Wao udongo wao ulikaa ukawasubiri.
Huu wangu naupatiliza ukiondoka.

Jioni nikashika kijiti cha mwaka jana,
kikavu, bila jani, cha kutupa.
Nikavuta. Hakikuja.
Nikapanga miguu, nikavuta kwa mikono miwili,
na huko chini, gizani,
kitu kikanivuta.